Kulipa kwa mwezi ao kwa mwaka: historia inatufundisha nini?



Wiki iliyopita tulikuwa wanne hapa Bukavu, tunapanga bei ya programu yetu ndogo ya hesabu za maduka. Mwenzetu wa informatike akasema: "Tuweke abonema ya mwaka tu. Feza inaingia yote mara moja, tunatulia." Wengine wakakubali. Mimi niliyesoma historia, ambaye wananichekaka eti sina kazi ku mradi huu, nikaomba dakika kumi.

Nikaanza na Paris, 1751. Diderot na d'Alembert walianza kutoa ensaiklopedia yao kubwa. Kazi ilikuwa ya gharama, basi wachapishaji waliomba wateja walipe mbele, kitabu kwa kitabu. Waliahidi vitabu 10 kwa livre 280, feza ya Ufaransa ya wakati ule. Kazi ilipoisha mu 1772, vitabu vilikuwa 28, na mteja aliyefika mwisho alikuwa amelipa livre 980. Katikati, mu 1759, serikali ya mfalme ilipiga kazi marufuku na kuamuru kila mteja arudishiwe livre 72. Wachapishaji walipona kwa sababu waliruhusiwa kutoa vitabu vya picha, na ile feza ikahesabiwa kule. Ndugu zangu, mteja anayelipa mbele anakukopesha. Ile feza si faida bado, ni deni.

Kisha London, 1854. Bima ya makampuni ilikuwa zaidi mambo ya wenye mali. Kampuni Prudential ikaanza kuiuzia wafanyakazi maskini: peni moja kwa wiki, ajenti anapita mulango kwa mulango. Watu wengi sana waliingia. Lakini kutembeza ajenti kila wiki kulikula sehemu kubwa ya zile peni, na aliyeshindwa kulipa wiki kadhaa alipoteza bima yake. Malipo madogo yanafungulia maskini mulango, lakini yeye ndiye analipia na bawaba.

Mwisho Amazon Prime, Marekani. Ilianza 2005 kwa dola 79 kwa mwaka, mwaka tu. Mu 2016 wakaongeza malipo ya mwezi: dola 10.99, wakati mwaka ulikuwa dola 99. Piga hesabu: miezi 12 ni dola 131.88. Wakati ule, asiye na dola 99 mara moja alilipa karibu 33 zaidi.

Wakanyamaza. Mwenye duka wa Kadutu anapata feza yake siku kwa siku. Ya mwaka mzima ataitoa wapi? Tukabadilisha mpango. Tunaweka njia zote mbili. Mwaka utakuwa bei ya miezi kumi, na pembeni ya bei ya mwezi tutaandika wazi jumla ya miezi 12, mtu achague akiwa anajua. Aliyelipa mwaka, kila mwezi tutachukua sehemu moja ya 12 tu. Zingine zinabaki mu kesi. Akitoka katikati, tunamrudishia zilizobaki.

Mwenzetu wa informatike bado analalamika: seva tutailipa na nini mwezi wa kwanza? Swali lake ni la kweli. Nyinyi mungefanya aje?