Pumzi ya Moto katika Tanuri za Buhaya

Mwaka 1976 wazee wa Kihaya, magharibi ya Ziwa Victoria, waliombwa wayeyushe chuma kama zamani. Kazi yenyewe ilikuwa imekufa miaka mingi nyuma, pale majembe ya Ulaya yalipojaa madukani. Ila mikono ilikuwa bado inakumbuka.

Walijenga tanuri la udongo na mavi ya chuma, umbo la pia, kimo kama futi 5, juu ya shimo lililojazwa matete ya kinamasi yaliyoungua nusu. Mabomba 8 ya udongo yaliingizwa ndani kabisa ya moto, na kila bomba likapewa mvukuto wake wa ngozi ya mbuzi. Walioomba, mwanaakiolojia Peter Schmidt na mtaalamu wa metali Donald Avery, walipima joto wakaona limepita nyuzi 1,800 za Selsiasi. Chuma safi huyeyuka kwenye 1,538.

Taarifa yao ilitoka katika jarida la Science mwaka 1978, pamoja na habari za tanuri 13 za kale zilizofukuliwa pwani ya ziwa hilo, zenye umri wa miaka 1,500 hadi 2,000. Magazeti yakashangilia. Mengine yalitia chumvi, lakini mshangao ulikuwa halali.

Swali gumu lilikuwa hili: joto lote lile lilitoka wapi?

Hewa baridi ni mgeni ghali tanurini. Sehemu yake kubwa ni naitrojeni, ambayo haiungui, ila nayo lazima ipashwe moto, na joto hilo hutolewa kwenye makaa. Schmidt na Avery walisema Wahaya waliipunguza hasara hiyo kwa urefu wa mabomba: hewa ilipita katikati ya makaa yanayowaka kabla ya kutoka mdomoni, ikafika ikiwa tayari moto. Mskoti James Beaumont Neilson alipata hataza ya wazo la aina hiyo mwaka 1828. Yeye alipasha hewa nje ya tanuri, na viwanda vya Scotland vikaokoa makaa ya mawe kwa wingi.

Mwaka 1986 mtafiti J. E. Rehder alipinga maelezo hayo ya Schmidt na Avery. Udongo wa mfinyanzi, alihoji, hupitisha joto kwa uvivu, na hewa inayosukumwa na mvukuto haikai bombani muda wa kutosha. Hoja yake ina uzito. Mpishi yeyote wa chungu anajua udongo ulivyo mzito wa kupokea moto. Hata hivyo joto lililopimwa halifutwi kwa hesabu ya ukuta wa bomba. Linalobishaniwa ni njia lililopitia: ni kuta za bomba, au ni wingi wa hewa ya mivukuto minane na makaa yaliyoshindiliwa vizuri?

Mahali palipoyeyushwa chuma hubaki vipande vya mabomba hayo. Upande uliokuwa nje ni udongo wa kawaida, mwekundu. Ncha iliyokaa motoni imegeuka kioo cheusi.