Mtego Usiojua Amani

Msomaji wangu, ukisimama Giakanja na kutazama upande wa magharibi, utaiona mbele yako milima ya Nyandarua na msitu ulioifunika. Siku hizi mtu aweza kufika ukingoni mwa msitu huo asiogope kitu ila ndovu na nyati. Haikuwa hivyo zamani za babu zako. Katika miaka ya Hali ya Hatari, ambayo serikali ya kikoloni iliitangaza mwaka 1952, wanavijiji wa nchi hii, wake kwa waume, walilazimishwa kuchimba handaki refu kandokando ya misitu, na ndani yake ikasimikwa mianzi iliyochongwa ncha kali. Kusudi lake lilikuwa kuwatenga wapiganaji wa Mau Mau na watu waliowapelekea chakula. Dedan Kimathi mwenyewe alipigwa risasi na kukamatwa ukingoni mwa msitu huo, hapa Tetu, tarehe 21 Oktoba 1956.

Sikukumbushi habari hizi ili kufufua uchungu wa kale. Nataka uitazame tabia ya mtego. Mwenye bunduki humwona anayemlenga, tena akiambiwa kwamba vita vimekwisha, aweza kuiweka chini. Mtego hauna macho wala masikio. Mwanzi uliochongwa haumwulizi anayeuangukia kama ni askari au ni mama aliyemfuata mbuzi wake aliyepotea. Hata hivyo mwanzi huoza, na handaki hufukiwa na mvua. Je, ingekuwaje kama ndani ya handaki lile kungaliwekwa mtego usiooza?

Mtego wa namna hiyo upo, nao ni bomu la kutegwa ardhini. Ni kitu kidogo, pengine chaweza kushikwa kwa mkono mmoja. Hufukiwa chini kidogo tu, na mguu ukilikanyaga hulipuka. Anayesalimika mara nyingi hupoteza mguu. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Msumbiji vilikwisha mwaka 1992, lakini nchi hiyo haikutangazwa kuwa imesafishwa mabomu hayo mpaka mwaka 2015. Jirani zetu wa Uganda walitangaza hivyo mwezi wa Desemba 2012. Kazi ya kuyatafuta hufanywa hatua kwa hatua, kwa vyombo vya kutambua chuma, na hata kwa panya buku waliofundishwa Morogoro, katika Tanzania, kunusa baruti. Kulifukia bomu ni kazi ya dakika chache. Kulifukua huenda kukawa kazi ya mtoto wa yule aliyelifukia.

Kwa sababu hiyo mataifa yaliamua kuyakataza. Mwezi wa Oktoba 1996 Lloyd Axworthy, Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje wa Kanada, aliyaalika mataifa yafanye mkataba katika muda wa mwaka mmoja. Maneno yake yalikubaliwa Oslo, mji mkuu wa Norwei, mwezi wa Septemba 1997, na sahihi zikaanza kutiwa Ottawa mwezi wa Desemba mwaka huohuo. Kenya ilitia sahihi yake tarehe 5 Desemba. Mwaka 2001 iliuthibitisha mkataba huo, ikateketeza mabomu zaidi ya 35,000 yaliyokuwa katika ghala zake. Mwaka 2004 mataifa yalikutana Nairobi kuupima mwendo wa kazi hiyo. Nchi zaidi ya 160 ziliingia katika mkataba. Lakini Marekani, Urusi na Uchina hazikuingia.

Basi mwezi wa Februari 1922 ungekuwa mbali mno kwetu, bali Februari 2022 si mbali: ndipo majeshi ya Urusi yalipoingia Ukraine kwa wingi, na hofu ikawashika majirani. Mwaka 2025 mabunge ya Latvia, Lithuania, Estonia, Ufini na Polandi yaliamua kujitoa katika mkataba. Katika Bunge la Ufini, wabunge 157 walikubali na 18 tu wakakataa. Usiharakishe kuwalaumu. Mpaka wa Ufini na Urusi una urefu wa kilometa zaidi ya 1,300, na watu wake hawajasahau kwamba walishambuliwa mwaka 1939. Walisema kwamba si haki mtu ajifunge mikono mwenyewe huku adui yake akiwa huru.

Hata hivyo palikuwa na mwanasiasa aliyekataa njia hiyo. Huyo ni Espen Barth Eide, Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje wa Norwei. Nchi yake pia inapakana na Urusi, kwa kilometa zipatazo 200; na yeye mwenyewe aliwahi kuwa Waziri wa Ulinzi, kwa hiyo huwezi kumwita mtu asiyejua mambo ya vita. Alisema waziwazi kwamba Norwei haitajitoa, na kwamba ameusikitikia uamuzi wa Ufini. Hoja yake ilikuwa kwamba mkataba umelifanya bomu hili kuwa kitu cha aibu, na kwamba ahadi ikilegezwa, itakuwa rahisi zaidi kwa wanaopigana popote duniani kulitumia tena.

Litafakari neno hilo, "popote duniani". Wenye kulitumia tena huenda wasiwe Wafini, nao watakaolikanyaga huenda wasiwe Warusi. Huenda wakawa wakulima wa bara letu wanaokwenda mashambani. Mkuu wa kikosi atakayeulizwa kwa nini ametega mabomu atajibu kwamba hata mataifa tajiri yamerudi kuyatumia. Sheria hii haina askari wa kuilinda. Inalindwa na aibu tu, na aibu ikiondoka, ni nini kitakachobaki?

Wahenga walisema ahadi ni deni. Siku ya amani deni hilo ni jepesi, na kila mtu huweza kulikiri. Huonekana uzito wake siku ya hofu. Sijui wewe ungepiga kura gani kama ungalizaliwa mpakani mwa Urusi, wala sikulazimishi ujibu upesi. Lakini ukipata nafasi, mwendee mzee wa kijijini kwenu, umwulize handaki lilipita wapi. Huenda akakuonyesha shamba la chai au la viazi, na watoto wakipita katikati yake bila viatu. Ndipo urudi kulifikiri swali hili.