Jicho Huchelewa Kusema: Upungufu wa Vitamini A na Vifo vya Watoto Wadogo

Mtoto wa miaka mitatu ameshinda akikimbizana na wenzake, lakini jua likizama huketi mlangoni asiondoke. Akipewa bakuli, hulipapasa. Mama hulitambua hilo kabla ya tabibu, kwa kuwa tabibu humwona mtoto mchana. Huo ndio upofu wa usiku. Upungufu wa vitamini A ukizidi, kwenye weupe wa jicho hutokea doa la Bitot, mithili ya povu la sabuni lililokaukia hapo. Konea, yaani utando angavu wa mbele ya jicho, ikianza kulainika, jicho huweza kupotea kwa siku chache; likinusurika, hubaki na chamba.

Kwa kuwa madhara haya yanaonekana, tumezoea kuyahesabu, na vipofu wakipungua tunatangaza kwamba tatizo limekwisha. Hesabu hiyo inatupotosha. Mwaka 1983 Alfred Sommer, daktari wa macho aliyefanya utafiti Indonesia, alionyesha kwamba watoto wenye dalili nyepesi tu za macho walikufa kwa kiwango cha wastani wa mara nne ya kile cha wenzao wasio na dalili hizo. Mwaka 1986 yakatoka matokeo ya utafiti wa Aceh, hukohuko Indonesia: katika vijiji vilivyogawiwa vidonge vya vitamini A, vifo vya watoto vilipungua kwa asilimia 34, ingawa wengi wao hawakuwa na dalili yoyote machoni.

Ushahidi wa kwetu Tanzania ulitoka Mvumi, Dodoma, na ulichapishwa mwaka 1987. Watoto 180 wenye surua waligawanywa makundi mawili. Kati ya 88 waliopewa vitamini A walikufa 6; kati ya 92 wasiopewa walikufa 12, na pengo lilikuwa wazi zaidi kwa walio chini ya miaka miwili. Idadi ni ndogo, nisingeitegemea peke yake. Lakini inaafikiana na tunavyoujua ugonjwa wenyewe: mtoto wa surua hali, anaharisha, akiba ya vitamini A iliyo kwenye ini inakwisha, na virusi vya surua vyenyewe vinashambulia konea.

Wapo wanaosema dawa ni mboga. Nakubaliana nao nusu. Mlenda una faida, hasa ukiungwa kwa karanga, kwani vitamini hii huhitaji mafuta. Ila ukianikwa juani hupoteza sehemu kubwa ya karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na mwili huhitaji takriban mikrogramu 12 za karotini ya chakula kupata moja ya retinoli, yaani vitamini A yenyewe. Tumbo la mtoto wa mwaka mmoja lina nafasi kiasi gani? Maini, mayai na viazi lishe vinasaidia zaidi, lakini havimuwahi mtoto ambaye surua imeshamwangusha.

Huyo anahitaji dozi mbili za vitamini A, leo na kesho, hata kama macho yake yanang'aa. Kwa hiyo vidonge vikae kwenye meza anapopokelewa mtoto wa surua, na mama aliyetoka mbali apewe kitanda alale, kesho asubuhi muuguzi akate ncha ya kidonge cha pili na kumkamulia mwanawe mdomoni.