Tango na Jina Lake Katika Unguja

Soko la Darajani, katika mji wa Unguja, lilijengwa mwaka 1904, katika enzi ya Sayyid Ali bin Hamud. Jina la mahali hapo latokana na daraja lililovuka hori la bahari lililotenga Mji Mkongwe na Ng'ambo. Hori lile lilikwisha fukiwa, na daraja halipo tena, lakini jina limebaki. Habari ya tango, liuzwalo hapo kwa mafungu, yafanana na hiyo: jina limedumu, na kitu kiitwacho kwa jina hilo kimebadilika.

Wataalamu wa mimea wasema kuwa tango lilianza kulimwa Bara Hindi, kando ya milima ya Himalaya, yapata miaka 3,000 iliyopita. Katika Afrika, basi, tango ni mgeni. Mtu angetazamia mgeni huyu aje na jina lake, kama walivyokuja wengine. Bamia ni neno la Kiarabu. Achari latoka Uajemi na Bara Hindi. Kachumbari ni la Kihindi. Waarabu huliita tango khiyar, na ndilo jina lake Oman hata leo. Lakini hata katika karne ya 19, Sayyid Said alipohamisha makao yake kutoka Maskati hadi Unguja, khiyar haikupata nafasi katika Kiswahili. Neno hiari, lenye asili ya Kiarabu, lilipokewa kwa maana ya uchaguzi. La bustanini liliachwa nje, kwa kuwa nafasi yake ilikuwa na mwenyewe.

Mwenyewe huyo ni neno la Kibantu. Wazulu huita boga ithanga, na Washona huliita nhanga. Mzizi wa maneno hayo na wa tango una udugu. Boga lenyewe lilitoka bara la Amerika, kwa hiyo watu hao nao walimpa mgeni jina la zamani. Afrika ilikuwa na matunda yake ya ukoo huu tangu kale, kama mung'unye na tikiti. Edward Steere, katika kitabu chake cha Kiswahili cha mwaka 1870, alieleza tango kuwa ni namna ya mung'unye liliwalo bichi, lenye ladha ya kukaribia tango la kwao Uingereza. Maelezo hayo yaonyesha kuwa jina lilikuwa na eneo pana kuliko lilivyo sasa.

Si ajabu. Mkulima aliyepewa mbegu ngeni aliona mche utambaao, ua la manjano, na tunda lililojaa mbegu, akautambua ukoo wake. Aliyajua pia matunzo yake: mashimo yenye mbolea, maji ya kutosha, na hadhari ya inzi watagao mayai katika matunda machanga. Alijua kuwa tango likikosa maji huwa chungu, na uchungu hukusanyika upande wa kikonyo. Katika Unguja, ambako magharibi kuna udongo wa kina na mashariki kuna uwanda wa mawe, maarifa hayo hayakuwa madogo.

Bakuli la kachumbari liwekwalo kando ya pilau lakusanya safari nyingi. Tungule na pilipili zina asili ya Amerika, na zilifika baada ya Wareno kuingia bahari hii mwaka 1498. Ndimu na kitunguu vyatoka Asia, na tango vilevile. Mtazamaji wa haraka aweza kusema kuwa bakuli lote ni la wageni. Ndivyo walivyosema baadhi ya waandishi wa zamani juu ya ustaarabu wote wa pwani, kwamba uliletwa na majahazi. Hesabu ya namna hiyo hutaja kila chombo kilichotia nanga, ikamsahau aliyepokea mzigo, akaupanda, akaumwagilia, na kuupa jina.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Tango ni ushahidi wa wageni, na jina lake ni ushahidi wa mwenyeji. Auzaye fungu la matango Darajani hutamka neno lililokuwapo kabla ya soko, na kabla ya daraja.