Uchungu Hauulizi Dhehebu: Ngara, 1994

Mwishoni mwa Aprili 1994, wakimbizi wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara katika muda wa takriban siku moja. Miongoni mwao walikuwamo akina mama waja wazito. Uzazi mwepesi mkunga aliweza kuusimamia hata hemani, kambini Benaco. Lakini mtoto alipokwama tumboni, au damu ilipokataa kukoma, mama alihitaji upasuaji. Na hapo mwenyeji na mkimbizi walitegemea hospitali zile zile: Murgwanza ya Waanglikana na Rulenge ya Wakatoliki. Watoto wa Kilutheri nao walizaliwa humo. Basi, historia ya usharika isihesabu ubatizo tu, bali ikumbuke pia milango ya jirani iliyowapokea mama zetu.