Ngai-ngai: mboga iliyovuka bahari pamoja na waliotekwa

Sokoni Kinshasa, Kisangani ama Bukavu, fungu la ngai-ngai halihitaji maelezo. Mama anayelinunua anajua majani hayo machachu yatapikwa na mawese, kitunguu, pilipili na samaki, mara nyingi makayabo, kisha yataliwa na bugali. Kisichojulikana sana ni historia yake. Mboga hii ilifika Amerika kwa sehemu kubwa kupitia mikono ya watu walioondolewa kwao kwa nguvu.

Ngai-ngai ni ya jamaa moja na bamia na pamba. Mwaka 1753 mtaalamu wa mimea wa Uswidi, Carl Linnaeus, aliiandika kwa jina la Hibiscus sabdariffa. Vitabu vya zamani vilisema asili yake ni Asia, lakini leo wataalamu wengi wanasema ni Afrika. Ua lake ni la njano hafifu, lenye moyo mwekundu uliokoza, na hunyauka siku ile ile linapofunguka. Likidondoka, chini yake hubaki kikombe chekundu, kinene na kichachu. Hicho ndicho kinachokaushwa na kutiwa katika maji ya moto. Senegal kinywaji hicho kinaitwa bissap. Sudan na Misri kinaitwa karkade. Katika nyumba nyingi za Congo, majani ndiyo yanayojulikana zaidi.

Wakati wa biashara ya utumwa, mbegu zake zilivuka bahari ya Atlantiki. Wanahistoria wengi wanaamini zilikwenda pamoja na Waafrika waliotekwa. Katika karne ya 17 ngai-ngai ilikuwa inalimwa Brazil, na mwaka 1707 ilikuwa imekwisha kufika Jamaica. Watu hao walinyang'anywa jina, lugha na jamaa, lakini ujuzi wa kupika haukunyang'anywa. Katika jimbo la Maranhão, kaskazini mashariki mwa Brazil, ambako wengi walipelekwa kutoka pwani ya Guinea, majani ya ngai-ngai hupikwa hadi leo na ufuta pamoja na uduvi mkavu, na huliwa na wali. Jamaica, kinywaji chake chenye tangawizi ni cha sikukuu ya Noeli. Mexico nako wanaita vikombe hivyo vyekundu "ua la Jamaica".

Kuhusu dawa, ngai-ngai imesifiwa sana, na si kila sifa ina ushahidi. Ile iliyochunguzwa vizuri zaidi ni ya tansio, yaani shinikizo la damu. Mwaka 2010, watafiti wa chuo kikuu cha Tufts, Marekani, walichapisha matokeo ya watu 65 wenye tansio iliyopanda kidogo, ambao hawakuwa wakimeza dawa. Waliokunywa chai ya vikombe hivyo mara tatu kwa siku, kwa wiki 6, namba yao ya juu ya tansio ilishuka kwa wastani wa pointi 7. Kwa wale waliopewa kinywaji cha kufanana nacho tu, ilishuka kwa pointi 1 hivi.

Hiyo ni faida ndogo lakini ya kweli. Haitoshi kumfanya mgonjwa aache vidonge vyake. Anayemeza dawa za tansio ama za sukari, na mama mwenye mimba, wamuulize muganga kabla ya kuinywa kila siku. Mwenye kiungulia naye ataona uchachu unamzidishia maumivu.

Sifa nyingine ni ya hatari zaidi. Kwa sababu kinywaji ni chekundu, watu wengi huamini kinaongeza damu. Wekundu huo ni rangi ya mmea tu, kama ule wa matunda mengi. Mtoto mwenye malaria ambaye viganja na ulimi vimekuwa vyeupe, ama anayepumua kwa shida, apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Kumnywesha bissap nyumbani kwa kungoja apate damu kunaweza kumgharimu maisha yake.

Kama chakula, ngai-ngai haina ubishi. Inapenda joto na jua, na majani yanaanza kuchumwa mapema, wakati vikombe vinangojewa miezi minne hadi sita. Hata kipande cha shina kikichomekwa katika udongo wenye maji kinaweza kuota. Kwa jamaa iliyohama na kupata kiwanja kidogo nyuma ya nyumba ya wenyeji, hiyo ni mboga ya kila wiki bila kwenda sokoni.

Kitu kimoja kinasahauliwa: mbegu. Anayechuma majani yote hatakuwa na cha kupanda msimu ujao. Miche miwili ama mitatu iachwe bila kukatwa mpaka vitumba vikauke na kuanza kupasuka, kisha mbegu zitolewe na kuwekwa pakavu. Mbegu za bustani nzima zinaenea katika fundo moja la kitenge, na fundo hilo halimlemei anayelazimika kuhama tena.