Bei ya Kitu Kisichotengenezwa Tena

Mtaa ninaokaa, Black Rock, kaskazini-magharibi mwa jiji la Buffalo, umepewa jina la mwamba ambao leo haupo. Ulikuwa mwamba mkubwa wa chokaa, mweusi, uliojitokeza ukingoni mwa Mto Niagara na kuwa gati la asili. Vivuko vya kwenda upande wa Kanada vilifunga hapo. Desemba 1813 Waingereza waliuteketeza mji mdogo uliokuwa kando yake, watu wakajenga upya. Kisha ukaja Mfereji wa Erie. Black Rock na Buffalo ziligombea kuwa mwisho wa mfereji huo, Buffalo ikashinda, na mwamba ukalipuliwa kupisha njia ya maji. Mfereji ulifunguliwa 1825, na mwaka 1853 jiji likaimeza Black Rock. Hakuna fedha itakayourudisha mwamba ule. Mimi nauza vitu vya namna hiyo, ila vyangu vinaenea kiganjani: vijitu vya kuchezea ambavyo viwanda viliacha kuvitengeneza.

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, Mji wa Kale, mtoto wa muuza vyombo vya jikoni. Huku ninanunua kwenye mauzo ya uani na kwenye nyumba ambazo wenyewe wamefariki, nauza kwenye masoko ya vitu vya zamani na kwa posta. Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: kitu hakina duka wala kiwanda, bei yake ya haki unaipata wapi? Mimi hulijibu kwa historia, kwa sababu mkoa huu umechangia mno kuwafundisha Wamarekani bei ni nini.

Mwishoni mwa miaka ya 1880 Seymour Knox, binamu yake Frank Woolworth, alifungua duka Buffalo. Kila kitu ndani yake kiliuzwa senti 5 au senti 10. Woolworth mwenyewe alikuwa amefanikiwa kwa mtindo huo Lancaster, Pennsylvania, mwaka 1879. Bidhaa ziliwekwa wazi mezani, mteja akazishika, akaona bei, akalipa. Hapakuwa na kupatana. Tajiri na kibarua walilipa senti zilezile, na mgeni asiyejua Kiingereza hakuogopa kupunjwa. Maduka ya Knox yaliongezeka hadi yakapita 100, na mwaka 1912 yakaungana na ya Woolworth. Utajiri wa ukoo huo ndio uliochangia jumba la sanaa la hapa mjini kuitwa Albright-Knox kwa miaka mingi. Ilikuwa haki ya aina yake, na naiheshimu. Lakini ilisimama juu ya jambo moja: kiwanda kinachotoa maelfu ya vitu vinavyofanana. Kiwanda kikinyamaza, bei yake nayo inakufa.

Haki niliyoikuta dukani kwa baba ilikuwa nyingine. Baba alianzia juu, mama wa watu akaanzia chini, wakapandishiana na kushushiana mpaka wakakutana. Wageni huona mchezo huo kama ujanja, lakini ulikuwa na kinga yake. Yule mama alijua sufuria kama ile inauzwaje duka la pili na la tatu. Baba alijua kwamba anajua. Kupatana kunatenda haki pale pande zote mbili zinapolijua soko. Anayejua akiwa mmoja tu, pale hakuna kupatana, pana kulaliana.

Wachongaji wetu wa Kenya waliliona hilo mapema. Sanaa ya vinyago vya Wakamba huhusishwa na Mutisya Munge wa Wamunyu, Ukambani, aliyejifunza uchongaji Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Kazi ikaenea, watalii wakaipenda, na faida ikabaki kwa waliokaa kati ya mchongaji na mtalii. Mwaka 1963 wachongaji wa Mombasa waliunda chama chao cha ushirika huko Changamwe, wakawa na duka lao la kuuzia. Hawakujua soko la London au New York, lakini waliijua kazi ya mikono yao, na wakaifanya hiyo kuwa msingi wa bei.

Sasa nije kwenye vijitu vyangu. Mwaka 1930, huku uchumi wa dunia umeanguka, watu watatu walianzisha kampuni ya vichezeo katika mji mdogo wa East Aurora, kusini-mashariki mwa Buffalo: Herman Fisher, Irving Price na Helen Schelle. Price alikuwa mtu wa maduka ya Woolworth aliyestaafu mapema. Shule ya senti 5 na senti 10 aliipitia mwenyewe. Mkewe, Margaret Evans Price, alikuwa mchoraji wa vitabu vya watoto, na michoro yake ikawa sura za vichezeo vya mwanzo. Mwaka 1931 Fisher-Price ilipeleka vichezeo 16 kwenye maonyesho ya New York, kimojawapo bata wa kuvuta kwa kamba aitwaye Dr. Doodle. Mbao zilikuwa za msonobari, na picha zilikuwa karatasi zilizochapwa na kubandikwa juu yake.

Mwaka 1959 likaja basi la shule lililobadilisha mambo. Abiria wake walikuwa vijiti vya mbao vyenye kichwa cha mviringo, visivyo na mikono wala miguu, na mtoto aliweza kuwatoa na kuwarudisha kwenye matundu ya viti. Vikafuata gari la familia, banda la mifugo ambalo mlango wake ukifunguliwa ng'ombe analia, nyumba, uwanja wa ndege na ngome. Yupo hata mvulana mwenye uso wa hasira kati ya wanaotabasamu. Mwaka 1969 Quaker Oats iliinunua kampuni. Miaka ya 1970 plastiki ilichukua nafasi ya mbao hatua kwa hatua, kiwiliwili kwanza mahali pengine, kichwa mahali pengine. Mwaka 1985 vijitu vikapewa rasmi jina la Little People, ambalo wazazi walishalizoea.

Mwaka mmoja baadaye wakili Edward Swartz alichapisha kitabu kuhusu vichezeo vinavyoua, na jaladani akaviweka vijitu hivi: vilikuwa vyembamba kiasi cha kuweza kukwama kooni mwa mtoto mdogo. Mwaka 1991 kampuni ikavinenepesha, na umbo la zamani likaisha. Mwaka 1993 Mattel ikainunua Fisher-Price, na mwaka 2016 Little People wakaingizwa kwenye jumba la heshima la vichezeo huko Rochester.

Nimeisimulia historia hii kwa kirefu kwa sababu bei imo ndani yake. Anayeshika kijitu cha mbao tupu anashika kitu cha zamani kuliko chenye kiwiliwili cha plastiki, hata kama sura ni moja. Anayeshika kinene anashika kitu cha baada ya 1991. Basi lenye abiria wake wote na karatasi isiyobanduka ni tofauti na basi tupu. Mtu akilowesha kichezeo cha mbao ili king'ae, karatasi inajikunja na thamani inaondoka na maji. Muuzaji asiyejua haya atamdhulumu mtu bila kukusudia, leo mnunuzi, kesho yeye mwenyewe.

Pia historia inatufundisha kupima uadimu. Miaka ya 1990 kampuni ya Ty ilitangaza mara kwa mara kwamba mnyama fulani katika vinyama vyake vya Beanie Babies hatatengenezwa tena. Kila tangazo lilipandisha bei. Soko la mnada la eBay, lililoanza 1995, likajaa vinyama hivyo, na watu wakaviweka kama akiba ya masomo ya watoto wao. Mwaka 1999 kampuni ilitangaza kuacha vyote mwisho wa mwaka, kisha ikaendelea, na bei zikaporomoka. Vinyama vilikuwepo kwa mamilioni, vimetunzwa kwenye maboksi na lebo zake. Kitu kilichotunzwa na kila mtu hakiadimiki. Vijitu vya East Aurora vilichezewa, vikatafunwa na mbwa, vikapotelea mchangani, na vilivyobaki vizima vilibaki kwa bahati.

Ndiyo maana siangalii bei inayotajwa. Naangalia bei iliyolipwa. Tuseme basi moja linatangazwa kwa dola 150 na halijapata mtu mwaka mzima, huku mengine ya hali hiyohiyo yamelipiwa dola 25, 30 na 34. Lile la 150 linanionyesha matumaini ya mwenyewe. Yale matatu yananionyesha soko. Nitaliuza langu kwa dola 30, na mteja akiniuliza sababu nitamwonyesha zote nne.

Sehemu ngumu ya haki haiko kwenye kuuza. Iko kwenye kununua, na hapo mafunzo ya chuo cha Kurani utotoni yamenisaidia kuliko kitabu chochote cha bei. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza watu kutoka nje ya mji kuipokea misafara na kununua bidhaa kabla wenyewe hawajafika sokoni. Aliyenunuliwa bidhaa hivyo alipewa khiari, yaani haki ya kuvunja mauzo akifika na kukuta bei ilivyo. Alikataza mtu kupandisha bei ya mnada ilhali hana nia ya kununua. Na alipotia mkono kwenye lundo la chakula akakuta unyevu chini, alimuuliza mwenyewe kwa nini hakuuweka juu watu wauone. Mambo yote matatu yamo katika biashara yangu leo.

Watu wengi wanaozungumza Kiswahili mitaa hii walikuja kama wakimbizi, kutoka Kongo, Burundi na Somalia. Duka la pamoja la West Side Bazaar, lililoanzishwa Grant Street mwaka 2011 na kuungua mwaka 2022, limewainua wafanyabiashara wengi miongoni mwao. Wengine husafisha nyumba, na wenye nyumba huwapa maboksi ya vitu wasivyovitaka. Dada mmoja wa Uvira aliniletea boksi la namna hiyo, ndani basi, banda na vijitu vya mbao, akataka dola 5 kwa vyote.

"Dada, usiniuzie hivyo," nikamwambia, nikamfungulia simu aone vilivyolipiwa.

Aliangalia kwa muda. "Sasa kaka, ukinipa hiyo bei yote, wewe utapata nini?"

Lilikuwa swali la mtu wa sokoni. Nilimhesabia: soko la mtandaoni linakata zaidi ya sehemu ya kumi, kuna boksi, gundi na posta, kuna kusafisha kwa kitambaa kikavu, kupiga picha na kungoja miezi. Tukakubaliana nimpe nusu ya bei ya soko, papo hapo. Nilimwambia pia kwamba vikiuzwa kwa bei kubwa kuliko tulivyotarajia, nusu ya ziada ni yake. Kwangu hiyo ndiyo khiari ya wenye misafara, kwa namna inayowezekana Black Rock.

Ninapouza, unyevu nauweka juu. Kijitu kilichopakwa rangi upya nakiandika hivyo. Basi lenye dereva wa seti nyingine nalitaja. Na kila mnunuzi namwambia kwamba umbo hili liliachwa kwa sababu linaweza kumkaba mtoto, na kwamba Marekani ilipiga marufuku rangi yenye risasi kwenye vichezeo mwaka 1978, kwa hiyo kilicho cha kabla ya hapo ni cha rafuni. Bibi akitaka kumnunulia mjukuu wa mwaka mmoja, namshauri anunue vinene vipya dukani. Napoteza mauzo hayo bila majuto.

Kwa hiyo kipimo changu ni kimoja. Bei ya haki ya kitu kisichotengenezwa tena ni ile ambayo aliyeniuzia na atakayenunua wangeikubali hata kama wangejua yote ninayoyajua mimi. Knox aliandika bei juu ya meza kwa sababu kiwanda kilimpa uhakika. Baba aliacha bei ijadiliwe kwa sababu mtaa mzima ulijua sufuria inauzwaje. Sisi tunaouza mabaki hatuna kiwanda, na mara nyingi anayejua ni mmoja wetu tu. Basi tuandike tulichonunulia, tulichouzia na kasoro tulizoziona, na daftari tuliache wazi mezani kando ya bidhaa.